Yasiyoandikwa kwenye kadi za mashujaa wa Cooperstown

Cooperstown ni mji mdogo wa jimbo la New York, Marekani, kando ya ziwa Otsego. Wakazi wake hawafiki 2,000, lakini familia hufunga safari ndefu kwenda huko kuona jumba la makumbusho ya besiboli, lililofunguliwa Juni 1939. Mchezo huo wa kupiga mpira kwa gongo Wamarekani wameukuza kama sisi tulivyokuza soka.

Ndani ya jumba, kila mchezaji aliyechaguliwa kuwa shujaa ana bamba lake la shaba, lenye sura yake na maneno machache ya sifa. Bamba halibebeki, hivyo wageni huondoka na postikadi yenye picha yake. Wapo wanaozikusanya tangu utotoni, na kadi iliyotiwa saini na mchezaji mwenyewe hutunzwa kama hati ya shamba.

Kadi ya Tony Gwynn inasifu ustadi wake wa kupiga mpira katika miaka 20 aliyoichezea San Diego Padres. Haisemi kwamba alitafuna tumbaku kwa miaka mingi, akapata saratani ya tezi ya mate na kufariki Juni 2014 akiwa na miaka 54. Mwenyewe aliamini tumbaku ndiyo iliyomponza. Mwaka 2016, ligi kuu na wachezaji walikubaliana kuipiga marufuku kwa wachezaji wapya.

Tumbaku na kadi zimejuana zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, picha za wachezaji zilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Kadi ya Honus Wagner ilichapishwa chache mno. Husimuliwa kwamba aliikataa ili watoto wasinunue sigara kwa kutafuta sura yake.

Jackie Robinson naye aliingia kwenye jumba hilo mwaka 1962. Bamba lake la kwanza lilitaja uchezaji tu. Mwaka 2008 likatengenezwa jingine, linalosema kwamba mwaka 1947 aliuvunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu. Kisukari kilichomfifisha macho hadi kifo chake mwaka 1972, akiwa na miaka 53, hakikuandikwa.

Watoto wetu nao wana mabango ya wanasoka ukutani, na humwiga shujaa hata kwa asichokifanya uwanjani. Baadhi yao wanaona ugoro na kuberi nyumbani na kudhani havina madhara kwa kuwa havitoi moshi. Tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa, na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kinahitaji daktari.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akikuonyesha picha ya shujaa wake, msifie mabao. Kisha mwambie na yale ambayo picha haisemi.