Kipimo cha Upande wa Kulia

Jumamosi, 27 Julai 2024

Nimefika nyumbani Bukavu usiku, kutoka kliniki ya Kigali, mgongo umekwisha. Msitu wa Nyungwe kona juu ya kona, na kila kona mkanda wa gari unagusa kifua palepale, kulia. Kuanzia sasa sikai tena upande ule wa kiti.

Wameongeza cc 60 kwenye puto lililo chini ya ngozi. Jumla 270. Muuguzi alitembeza kile kisumaku juu ya ngozi mpaka kikanasa chenyewe, akatia alama ya kalamu, akachoma sindano. Sikusikia kitu. Pale pamekufa ganzi tangu walipokata titi. Niliona tu kifua kikipanda taratibu, maji ya chumvi yakiingia, ngozi ikivutika mpaka inang'aa, kovu likinyooka.

Halafu akaniuliza, "Mama, niendelee au nisimamie hapo?"

Mimi! Nikabaki kimya. Tangu mwaka jana hakuna aliyeniuliza kuhusu kifua hiki. Toa. Kata. Meza hizi. Rudi baada ya wiki tatu. Nilitii, na nashukuru, niko hai. Lakini leo mtu ameshika bomba la sindano akingoja neno langu. Nikasema aongeze 20. Ikawa 290. Sijui kwa nini 20. Nilitaka tu kusema namba.

Jumatatu, 29 Julai

Kifua kigumu kama bugali wa jana. Silali ubavu. Kukohoa, shida. Kucheka, shida. Mtoto wa mwisho amenirukia asubuhi nikamsukuma, akalia. Nimembeba kwa mkono wa kushoto mpaka akasahau.

Usiku. Afadhali kidogo. Walisema siku mbili, tatu.

Alhamisi, 8 Agosti

Yaya, dada yangu mkubwa, ameshuka kutoka Nguba na samaki wa sambaza. Tumekaa jikoni, yeye anakaanga, mimi nachambua mboga ya lengalenga. Akafungua simu kunionyesha wanawake wa Kinshasa. Vifua! "Weka 500 pande zote mbili. Umeteseka vya kutosha, nani atakuuliza?"

Anasema kwa upendo. Yeye ndiye aliyeniosha nilipokuwa siwezi kuinua mkono. Lakini 500! Silikoni watakayoniwekea mwishoni badala ya puto ina uzito karibu sawa na maji, cc moja gramu moja. Nusu kilo kila upande, na ngozi yangu ya kulia sasa ni nyembamba, hakuna nyama chini yake. Nipande nayo ngazi za Kadutu na mfuko wa mihogo mkononi? Nimemwambia Yaya sitaki kifua cha kutangulia mlangoni. Hajakubali.

Baba watoto, yeye ana maneno mawili tu: "Kama zamani." Nimelala nikiwaza. Zamani ipi? Kabla ya mtoto wa kwanza? Au baada ya wa tatu? Kwake labda ni ileile. Kwangu ni miili miwili tofauti, na sikumbuki ukubwa wa ule wa kwanza. Hatukuwa tunajipima.

Jumapili, 18 Agosti

Nimerudi jana kutoka Kigali. Mpakani Ruzizi wananawisha mikono pande zote mbili za daraja, kipimajoto kwenye paji la uso, mpox, mpox. Foleni ndefu kwenye jua.

Dokta alinipima kwa rula ya koleo. Upana wa kifua upande wa kulia, sentimita 12 na nusu. Kutoka shingoni mpaka kwenye chuchu ya kushoto, akaandika. Kutoka chuchu mpaka mkunjo wa chini, akaandika. Akasema jambo ambalo sikulijua: cc peke yake haisemi kitu. 300 inaweza kuwa pana na kulala chini, au nyembamba na kusimama mbele. Kinachotangulia ni upana. Ikizidi upana wa kifua inasukumia kwapani, au inasogelea katikati, na mwenyewe unaiona kila unapovua. Basi pale namba kubwa zote za Yaya zikaanguka zenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikatoa karatasi yangu ya maswali. La kwanza ni la binamu wa Bruxelles, ambaye tangu Julai ananitumia sauti ndefu za usiku: PIP, PIP. Wale Wafaransa waliojaza silikoni ya viwandani ndani ya matiti ya watu. Zikaondolewa sokoni mwaka 2010, na mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, akahukumiwa miaka minne mwaka 2013. Maelfu ya wanawake dunia nzima walikuwa nazo. Nilimwuliza dokta wazi: nitajuaje mimi, mtu wa Bukavu, kilichomo ndani ya kilichomo ndani yangu?

Hakukasirika. Akaleta boksi tupu. Jina la kiwanda, namba ya mfululizo, ujazo, upana, na vibandiko: kimoja kinabaki kwenye faili, kingine kinawekwa kwenye kadi ninayopewa mimi. Akasema ataniwekea laini, si ya kukwaruza, kwa sababu zile za ngozi ya kukwaruza sana Ufaransa ilizikataza mwaka 2019, zilihusishwa na saratani ya nadra ya tezi za limfu. Na hakuna ya milele. Baada ya miaka mitano au sita nipigwe picha, hata kama siumwi.

Saratani. Neno hilo tena, pale ninapokwenda kulikimbia. Nimelisikia, nimekaa nalo njia nzima msituni. Laini basi. Laini na kadi.

Ijumaa, 6 Septemba

Shule imefunguliwa, nimesimama mbele ya ubao wiki nzima. Naandika chini chini, mkono haufiki juu. Wanafunzi wa mbele wamezoea, wanainua shingo.

Leo umeme umekatika, watoto wamelala, baba watoto yuko kilioni. Nikasema sasa. Nilisoma mahali kwamba titi linaweza kupimwa kwa maji. Beseni la buluu ndani ya sinia pana. Maji ya vuguvugu mpaka ukingoni, nikamalizia kwa kijiko mpaka yakavimba bila kumwagika. Tochi ya simu juu ya kabati. Nikapiga magoti, nikainama, nikalishusha titi la kushoto polepole mpaka mkunjo ukagusa plastiki. Maji yakateleza kwenye sinia. Nikasubiri yatulie. Kisha nikayamimina kutoka kwenye sinia hadi kwenye chupa ya kunyonyeshea ya mtoto, ile yenye alama za mililita, nikahesabu kwa mwanga wa simu. Nikarudia mpaka namba zikaacha kurukaruka.

Karibu 400.

Nilikaa sakafuni. Miaka yote hii nimelibeba, nimenyonyesha watoto watatu, na sikuwahi kujua ni kiasi gani. Nimeliangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu lingine liondoke. Limelala, limechoka, lina mistari. Zuri. Sikutegemea kuandika hivyo lakini ndivyo nilivyoona.

Maji hayo nimelowekea sare za shule. Kesho tena kupanga foleni na bidoni.

Jumamosi, 21 Septemba

Kigali tena. Puto sasa lina 420, wamezidisha kwa makusudi ili ngozi ipate nafasi. Nimemwambia dokta 400 yangu, akatabasamu, akasema vipimo vyake vinakaribia hapo. Lakini akaongeza: silikoni haining'inii. 400 itasimama juu, duara, wakati la kushoto limelala chini. Nikitaka zilingane uchi, inabidi kulipandisha la kushoto na kulipunguza.

Kisu upande wa kushoto.

Hapana. Nilisema hapana kabla hajamaliza. Ndilo lililobaki. Wiki iliyopita hospitali ya Panzi wamelipima kwa altrasaundi, liko safi. Sitaki kovu juu yake kwa ajili ya kulinganisha picha. Dokta akasema sawa, basi tuchague kwa nguo. Ndani ya sidiria la kushoto linapanda na kujikusanya, kwa hiyo upande wa kulia huenda ukahitaji pungufu ya 400. Nifikirie. Upasuaji tarehe 8 Oktoba.

Jumamosi, 28 Septemba

Ugonjwa wa Marburg. Kigali. Wametangaza jana usiku, na leo waziri wao wa afya amesema waliokufa ni sita, wengi ni wahudumu wa afya.

Wahudumu wa afya. Yule muuguzi wa kisumaku! Nimemwandikia. Hajajibu.

Saa nne usiku: amejibu. Mzima. "Mama, usije kwanza." Nimelia, siwezi kusema kwa ajili yake au kwa ajili ya tarehe yangu. Kwa vyote.

Alhamisi, 3 Oktoba

Boti imepinduka Goma, karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wanatazama kutoka ufukweni. Ilitoka Minova. Radio haizimwi. Mwenzangu wa shule ana shangazi alikuwa safarini, hajui lolote. Leo sitaki kuandika habari za kifua.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani wametangaza mwezi wa saratani ya matiti, akina mama wavae pinki, wakapimwe. Nilisimama na wengine. Mama mmoja nyuma yangu alinishika bega, hakusema neno, nami sikugeuka. Anajua. Wangapi wanajua?

Kisha nilikwenda kwa fundi wa nguo kule Kadutu na kitenge kipya. Yeye hajui, au hajaonyesha kujua. Akapima, akapima tena, akasema, "Mama, kulia pamezidi." Bila aibu, kama anavyosema kola imepinda. Ni kweli, puto limezidi. Nikamwuliza ipungue kiasi gani ili nguo ikae sawa. Akakunja kitambaa, akabana pini, akarudi nyuma kuangalia. Nimeziacha zile pini palepale. Blauzi nimekuja nayo hivyo.

Jumatano, 13 Novemba

Kigali inapumua, mgonjwa wa mwisho alitoka hospitalini Ijumaa, wanahesabu siku 42 kabla ya kutangaza mwisho. Dokta alikubali nije kwa kliniki tu. Muuguzi wangu amekonda. Tulishikana mikono kwa muda mrefu.

Nikatoa blauzi ya pini. Nilidhani watashangaa, lakini dokta alivaa miwani yake na kuikagua mshono kwa mshono. Akasema, tutoe maji basi, tuone. Sindano ileile, safari hii kuvuta. 20. Nikavaa sidiria, nikavaa blauzi, nikajitazama mbele, nikajitazama ubavu. Bado. 20 nyingine. Nikainua mikono. Nikainama kama ninayeokota chaki. 20 tena. Pini zikakaa.

360.

Ameniwekea mkononi mfano wa 360, upana 12. Mzito kuliko nilivyodhani, laini, unarudi ukiminywa. Kisha wa 400 kwenye mkono mwingine. Tofauti ni gramu 40, haifiki yai moja, lakini bega lilijua. Mimi bega hili nalitegemea.

Akasema sina haja ya kuamua leo, nikae na hilo puto la 360 mpaka Krismasi niishi nalo. Kulala, kufundisha, kupanda vilima. Hilo ndilo shauri bora nililopewa na mtu yeyote tangu mwaka jana.

Jumapili, 1 Desemba

Nimelala kifudifudi nusu usiku bila kujua! Nimeandika juu mpaka ukingo wa ubao. Watu wawili wameniambia nimenenepa, sikunenepa. Baba watoto jana aliweka kichwa hapo, upande wa kulia. Sikusikia joto lake, ngozi haijarudi na pengine haitarudi. Nilimwambia. Akahamia kushoto, akarudi kulia. "Zote zako," akasema. Akalala.

Jumamosi, 21 Desemba

Jana wametangaza Marburg imekwisha. Asubuhi hii nimemwandikia dokta, nimeusoma ujumbe mara nyingi kabla ya kuutuma:

Dokta, 360. Mviringo, laini, upana 12. Upande wa kulia tu. La kushoto msiliguse. Nitaomba kadi yangu yenye kibandiko.

Amejibu mchana: sawa, tarehe 14 Januari, nifike siku moja kabla.

Yaya amenuna kidogo, 360 anaiona ndogo, lakini ndiye atakayekaa na watoto. Baba watoto atanisindikiza, ameshaomba ruhusa kazini. Kwa mara ya kwanza siendi peke yangu. Jumatatu: picha mbili za paspoti, dawa za mtoto wa mwisho, na dola safi, zisizo na tundu wala wino, maana zikiwa chafu hawatazipokea.