Darubini ya kutuma Uvira

Watu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa mashariki mwa Kongo, tunaoishi Idaho wengi tumeingia kwenye uwindaji kwa kufuata wenzetu wa kazini. Kabla hata ya kusomea cheti, ambacho sheria ya jimbo inamtaka kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia 1975 awe nacho, tunaambiwa tununue darubini na kipima-umbali cha leza. Kwa huku, ushauri huo ni sahihi. Milima ya hapa ni mikavu na wazi, na mwindaji hushinda juu ya kilima akichunguza bonde la ng'ambo. Wengi huchukua 10x42: inavuta mara 10, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Leza nayo hurusha mwanga, ukamgonga mnyama na kurudi, na kifaa kikahesabu muda. Vilivyo bora hupima na mteremko, maana ukilenga bondeni kwa nyuzi 30, mita 300 za macho ni kama mita 260 tu kwa risasi. Asiyejua hilo humjeruhi mnyama, akaenda kufia mbali. Hilo linaniuma kuliko kukosa nyama.

Shida ni pale tunapotaka kuwatumia vifaa hivyo ndugu zetu wanaowinda kwenye milima ya Itombwe, nyumbani. Msituni kule nani anaona mita 300? Funo hukurupuka hatua chache mbele yako, na mwindaji hutegemea wavu, mtego na mbwa aliyevishwa kengele. Leza itagonga jani la karibu na kukupa umbali wa jani. Ukungu wa milimani nao huivuruga.

Tena mtu akishuka kutoka nyanda za juu, Hauts Plateaux, na darubini shingoni, kwenye bariyeri ataulizwa anampelelezea nani. Penye vikundi vyote vile vyenye silaha, swali hilo linaweza kumgharimu uhai. Sheria ya uwindaji ya Kongo ya 1982 nayo inadai kibali, Itombwe ni hifadhi tangu 2006, na sokwe na gorila wake hawaguswi. Mimi simtumii mtu chochote cha kumsaidia kupiga risasi mbali zaidi kule.

Darubini ninayotuma ni ya ufukweni. Jioni, wavuvi wa ndagala wanapoandaa taa na mitumbwi, ndiyo saa viboko wanapotoka ziwani kwenda kula majani. Kiboko wa Uvira hukaribia nyumba na bustani, na huua. Kumwona mapema ni jambo la uhai, na hapo 8x42 inaishinda 10x42. Gawanya 42 kwa 8: duara la mwanga linalofika jichoni lina milimita 5.25, kwa 10 ni 4.2. Giza likiingia mboni hupanuka, na tofauti hiyo huonekana wazi. Uwanja wa kuangalia ni mpana zaidi, na mtetemo wa mkono hauonekani sana, hata kwa aliyesimama ndani ya mtumbwi.

Uliza kama haiingizi maji na imejazwa nitrojeni, la sivyo unyevu wa ziwa utaweka ukungu ndani ya lenzi. Usiijaribu chini ya taa za duka: omba utoke nayo nje jua linapozama, utafute kitu cheusi kwenye kivuli. Ukiituma, ikabidhi kwa kamati ya wavuvi, ifahamike ni ya nani na ni ya kazi gani.