Dakika Kumi na Tano za Bosi

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika kuhusu siasa za nyumbani, mpira na sherehe za Uhuru. Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu hapa Uingereza tunakifanya na wachache wanapenda kukitaja, nacho ni boksi. Na ndani ya boksi nachagua kipande kimoja tu: zile dakika ambazo unafanya kazi na hulipwi.

Mimi nina miaka 30 na nasomea uhandisi wa mitambo ngazi ya uzamili. Kazi yetu maabara ni kupima: joto, mtetemo, msuguano. Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye ghala moja la vifurushi nje kidogo ya mji, nikajikuta napima na huko.

Zamu kwenye mkataba ilikuwa ya saa 4, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Lakini msimamizi alitaka saa kumi na moja kasorobo watu wawe wameshasimama mbele yake, wamevaa viatu vya chuma na vizibao vya kung'aa, ili agawe kazi. Mashine ya kugongea kadi haikufunguliwa mpaka saa kumi na moja kamili. Usiku ukishagonga kadi ya kutoka, unapanga foleni ya kupekuliwa mifuko na begi, usije ukawa umeondoka na simu ya mteja. Niliandika muda kwenye daftari kwa wiki 4. Wastani ulikuwa dakika 15 kabla ya zamu na dakika 15 baada ya zamu.

Mama mmoja wa Kisumu, mkongwe kuliko sote pale, alinicheka. "Kijana wangu, dakika kumi na tano ni nini? Nyumbani wanangoja karo."

Nikamwambia, "Mama, hebu tupige hesabu pamoja." Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kiliwekwa paundi 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea, na sisi tulilipwa hicho hicho. Yeye alikuwa na zamu 5 kwa wiki, yaani saa 20, paundi 244.20. Lakini mwili wake ulikuwa kazini saa 22 na nusu. Gawanya, unapata paundi 10.85 kwa saa. Kwa wiki 40 zile nusu saa zinafika saa 100, na saa 100 ni paundi 1,221.

Mama akanyamaza kidogo. "Hiyo ndiyo karo yenyewe," akasema.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni. Hatukuambiwa kibaba cha nani.

Sasa sheria inasemaje? Hapa wengi wetu tunachanganyikiwa kwa sababu tunakuja na sheria za nyumbani kichwani. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ovataimu inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Marekani nako sheria ya mwaka 1938 imeweka mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa. Uingereza haina kitu hicho. Bosi halazimiki kisheria kukuongezea kiwango kwa ajili ya ovataimu. Anacholazimika ni kwamba ukichukua malipo yako yote ukagawa kwa saa zote ulizofanya kazi, usianguke chini ya kima cha chini. Kwa hiyo mtu anayelipwa paundi 15 anaweza kuibiwa nusu saa na bado hesabu ikakaa sawa, abaki kutegemea mkataba wake. Lakini sisi wa kima cha chini kabisa, dakika moja tu ya bure inatutumbukiza chini ya mstari.

Na si hadithi. Kampuni ya Sports Direct ilikuwa inapekua wafanyakazi wa ghala lake la Shirebrook mwisho wa zamu bila kuwalipa muda wa foleni. Magazeti yaliandika mwaka 2015, na Juni 2016 mwenye kampuni, Mike Ashley, alikiri mbele ya wabunge kwamba watu walilipwa chini ya kima. Marekani mambo yalikwenda kinyume: Desemba 2014 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba sheria ya shirikisho hailazimishi kulipa muda wa foleni ya kupekuliwa, katika kesi ya wafanyakazi wa maghala ya Amazon. Foleni ni ile ile, nchi mbili, majibu mawili. Wenzetu mlioko huko mlijue hilo.

Turudi kwetu. Tulipomuuliza meneja, jibu lake lilikuwa fupi: "Ninyi wanafunzi si mnaruhusiwa saa 20 tu? Nikiziandika hizo dakika, nani atapata matatizo, mimi au ninyi?"

Jamani, hapa ndipo penye mwiba. Masharti ya viza ya mwanafunzi wa shahada yanahesabu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, Jumatatu hadi Jumapili, na yanahesabu kazi ya kulipwa na isiyolipwa. Mimi nilikuwa na zamu 4, hivyo hata kwa dakika za bure nilibaki kwenye saa 18. Lakini vijana wawili wa shahada ya kwanza walikuwa na zamu 5 kama Mama. Karatasi ya mshahara ilisema 20, ukweli ulisema 22 na nusu. Yaani bosi anachukua dakika zako bure, halafu anazitumia hizo hizo kukufunga mdomo. Kunyamaza hakukulindi; kunamlinda yeye.

Tulikwenda ofisi ya ushauri ya wanafunzi. Siku hiyo hiyo vijana wakaomba kupunguziwa zamu moja. Halafu tukaandika barua, watu 7, tukiambatanisha kurasa za daftari. Hatukuomba ovataimu. Tuliomba zamu ianze kuhesabiwa saa kumi na moja kasorobo na iishe baada ya kupekuliwa, na malimbikizo yalipwe. Aliyeipeleka ni Mama, kwa sababu ana pasipoti ya hapa na hana viza ya kutishiwa.

Ilichukua wiki 5. Zamu zikabadilishwa, na wakalipa malimbikizo ya wiki 11 tu. Mimi nilipata saa 22, paundi 268.62. Mmoja wa wale vijana hakuitwa tena kazini. Hakufukuzwa, hakuandikiwa chochote; simu yake ilinyamaza tu. Sitaki mtu aniambie kwamba kudai haki ni bure, kwa sababu nimeona nani alilipa.

Hata hivyo nawashauri. Andika muda wako kila siku, wa kuingia na wa kutoka kwa miguu yako, si wa mashine. Tunza karatasi za mshahara. Hesabu dakika za bure ndani ya saa zako 20 kabla wengine hawajakuhesabia. Acas wanatoa ushauri bure kwa simu. Usikawie, muda wa kupeleka shauri ni wa miezi tu. Usiende peke yako. Na ninyi wenye pasipoti au ukaazi wa kudumu, tangulieni mbele kama Mama.

Daftari langu lipo, na yule kijana bado anatafuta kazi. Mwenye kujua nafasi atuambie kwenye mkutano ujao wa chama.