Safari ya Ng'ambo Huanzia Kasekese

Leo nawaomba tufunge safari pamoja mpaka Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Tutatoka mjini Mpanda na kuelekea upande wa ziwa. Miti ya miombo yasimama huku na huku, kisha mara pori lafunguka na mashamba ya mahindi yaonekana. Wabende ndio wenyeji wa zamani wa pande hizi, lakini siku hizi utasikia Kifipa, Kikonongo na Kisukuma katika soko moja. Watu wake ni wakulima, na mgeni hapiti mlangoni bila kuitwa ndani.

Nilipofika nilipokelewa na mzee mmoja mwenye binti wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza kidato cha nne. Baada ya chakula mzee aliingia chumbani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha binti yake na karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Bwana," akaniambia, "wewe ni mtu wa kusoma. Nisomee hii. Mama mmoja wa mjini atampeleka mtoto Arabuni, kazi ya nyumbani. Asema mshahara ni riyali mia saba na themanini kwa mwezi, na nauli atalipa yeye. Anataka cheti hiki kesho."

Nikaisoma karatasi ile mara mbili. Jina la mwajiri halikuwamo, wala mji. Iliandikwa "riyali" tu, bila kusema ni za nchi gani. Nikamwuliza binti, "Mwanangu, wewe waenda nchi gani?" Akajibu, "Shangazi yule alisema Oman. Asema huko watu wajua Kiswahili, sitapata shida."

Hayo ya lugha ni kweli. Sultani Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na baada ya mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi wenye asili ya huko walirudi Oman na Kiswahili chao. Mjini Muscat utakisikia sokoni na majumbani. Lakini kujua lugha ya mwenye nyumba si kujua mkataba wako.

RIYALI SI RIYALI

Tazama hesabu hii, msomaji. Riyali moja ya Oman ni sawa na dola 2 na senti 60 za Kimarekani. Lakini riyali za Saudia zatakiwa 3 na robo tatu kupata dola moja. Basi riyali 80 za Oman ni dola 208, na riyali 780 za Saudia ni dola 208 zile zile. Mzee alidhani binti yake atapewa riyali 780 za Oman, yaani dola zaidi ya elfu mbili! Hakuna aliyemdanganya kwa maneno. Hawakutaja nchi, basi. Nilipomwonyesha hesabu kwa kijiti mchangani, alinyamaza kwa muda mrefu.

NJIA ILIYO WAZI

Sisemi kwamba mtu asiende. Wako walioenda, wakajenga nyumba za bati na kusomesha wadogo zao. Kwenda ng'ambo kufanya kazi si aibu wala si kosa. Lakini njia yake ina vituo, na asiyepita kituo hujikuta porini. Vituo vyenyewe ni hivi.

Kwanza ni cheti cha kuzaliwa, kinachotolewa na RITA kwa njia ya ofisi ya Wilaya. Wengi wetu vijijini hatukuandikisha watoto walipozaliwa. Andikisha sasa, usingoje siku ya safari.

Pili ni kitambulisho cha taifa cha NIDA, ambacho hupewa mtu aliyetimiza miaka 18.

Tatu ni pasipoti, ambayo huombwa kwa Idara ya Uhamiaji. Pasipoti mpya ya kielektroni ilianza kutolewa mwaka 2018, na ada iliyotangazwa wakati ule ni shilingi 150,000. Ulizeni ofisini kwanza kabla ya kutoa fedha, nanyi lipeni kwa njia ya Serikali tu, wala si mkononi mwa mtu. Fomu hujazwa kwa mtandao, na asiyejua atafute kijana wa kumsaidia.

Nne ni chanjo ya homa ya manjano na kadi yake. Tangu Julai 2016 chanjo moja yatosha kwa maisha yote, kwa hiyo aliyekwisha kuchanjwa na kuitunza kadi yake hana haja ya kurudia.

Tano ni wakala. Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira yataka kila wakala awe amesajiliwa. Iko pia ofisi ya Serikali yenyewe ya huduma za ajira, TaESA. Mwulize wakala namba yake ya usajili, kisha ukaiulizie huko. Akikasirika kwa kuulizwa, umekwisha kupata jibu lako.

Sita ni mkataba. Uwe na jina la mwajiri, mji anaokaa, mshahara na fedha ya nchi gani, saa za kazi, siku ya kupumzika, matibabu, na nani atalipa nauli ya kurudi. Ukiandikwa kwa Kiarabu, dai na ule wa lugha unayoisoma. Peleka nakala ikaguliwe na Ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat kabla ya kupanda ndege.

Saba ni viza. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Viza ya kutembea si viza ya kazi. Anayekwenda kwa ile ya kutembea akafanya kazi, yu mkosaji mbele ya sheria ya nchi ile tangu siku ya kwanza, naye hana pa kushtaki akinyimwa mshahara. Viza ya kazi ya nyumbani huombwa na mwajiri, ambaye huitwa kafili, na mfanyakazi hufungwa kwake. Akitoka nyumba ile bila idhini, aweza kuandikwa mtoro, hata kama alikimbia kipigo.

YALIYOWAPATA WENGINE

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Walizungumza na wanawake 50. Karibu wote walisema kwamba pasipoti zao zilichukuliwa. Wengine walifanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane bila siku ya kupumzika, na wengine walilipwa pungufu ya walivyoahidiwa. Si kila nyumba iko hivyo. Lakini utajuaje nyumba yako, ikiwa hata jina la mwenyewe hulijui?

Mama yule wa mjini alisema pia maneno haya kwa binti: "Tutakuongezea miaka minne kidogo." Wazazi, likisikika neno hilo, simameni hapo hapo. Karatasi yenye uongo mmoja itamfunga mtoto wenu, na aliyeiandika hatakuwapo. Tena tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria dhidi ya biashara ya kusafirisha watu, na kumpeleka mtu kwa hila ili atumikishwe ni jinai.

Watu wa Kasekese hawahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Katika Wilaya hiyo hiyo iko Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walilima, wakazaa, wakazika wazee wao, bila kuwa raia wa mahali. Serikali ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya zamani, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Miaka arobaini na zaidi walingoja karatasi moja. Je, sisi tuliozaliwa nayo tuitoe kwa mgeni kwa usiku mmoja?

ASUBUHI YAKE

Kulipokucha mama yule alipiga simu. Mzee alimjibu kwa adabu: "Cheti tunacho wenyewe. Tuletee jina la mwajiri na namba yako ya usajili, kisha tutazungumza." Simu ikakatika. Mpaka naondoka haikulia tena.

Binti alilia kidogo, maana alikwisha kuwaaga wenzake. Mama yake akamwambia, "Hujakatazwa kwenda, mwanangu. Umekatazwa kupotea." Siku ile ile tulipanda gari pamoja mpaka Mpanda, yeye na baba yake, wakaenda kuuliza habari za kitambulisho chake. Mimi nikaendelea na safari yangu ya Tabora.

Basi, wasomaji, kateni habari hii mwiweke pamoja na vyeti vya nyumbani. Mtoto akisafiri, bakizeni nyumbani nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba, pamoja na namba ya Ubalozi. Tena patana naye siku moja ya juma atakayopiga simu bila kukosa. Siku hiyo ikipita kimya, msingoje ya pili. Nendeni polisi au Uhamiaji na nakala zenu mkononi. Pasipoti ya mtoto ikiwa imefungiwa kabatini kwa watu, karatasi hizo mlizozitunza ndizo zitakazosema jina lake.