Feza ya Wachunguzi

Kila mara inaposemwa kwamba serikali itatoa feza kwa ajili ya universite, tunasikia watu wakinung'unika mbele ya kanisa, misa ikiisha: "Barabara zimeoza, watoto wetu wanakaa chini darasani, nao wanataka kuwanunulia wasomi mashine!" Wasomaji wapendwa, neno hilo si la upumbavu. Mwenye njaa hafurahii mikroskopu. Lakini tungependa kuwapasha habari ya misioni moja ya inchi yetu, kisha mtaamua wenyewe.

Mwaka 1976, mwezi wa Septemba, ugonjwa usiojulikana uliingia Yambuku, katika Equateur. Masista kutoka Ubelgiji walikuwa na hospitali pale. Watu walishikwa na homa, wakatapika, wakatokwa na damu, wakafa. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote waliokuja kutibiwa, na sindano ile ile ilitoka kwa mmoja ikaingia kwa mwingine. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali wakafa 11. Watu 318 waliugua. 280 kati yao tuliwazika.

Mganga Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kule. Alitoa damu kwa wagonjwa bila mifuko ya mikono, na ni neema tupu kwamba yeye hakufa. Bassi, damu ya Yambuku nani aliisoma? Si Kinshasa. Damu ya sista mgonjwa ilipakiwa katika ndege ndani ya chupa ya thermos, kama chai ya msafiri, ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na kutoka kule ikafika hata Atlanta, Marekani. Wenye mikroskopu kubwa ndio walioona kwamba ni virusi mpya, wakaipa jina la mto wa kwetu, Ebola. Ugonjwa wetu, mto wetu, wafu wetu. Lakini jibu lilitoka ng'ambo, kwa sababu mashine ilikuwa ng'ambo.

Tazama pia gisi Muyembe alivyokuwa tayari. Alimaliza uganga Lovanium mwaka 1969, kisha akaenda Leuven kusoma habari za virusi hata kupata doktora. Mtu angeweza kuuliza siku zile: kijana huyu amekwisha kuwa mganga, kwa nini aongezewe miaka ya shule badala ya kutibu watu? Jibu lilionekana mwaka 1976, na zaidi baadaye. Mwaka 1995 ugonjwa ulipozuka Kikwit, alikuwapo. Kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, yeye pamoja na wachunguzi wa serikali ya Marekani walipata dawa, ambayo ilikubaliwa rasmi Marekani mwezi wa Desemba 2020. Ebola ilipokuja kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 2018 mpaka 2020, watu 2.287 walikufa, lakini safari hii damu ilipimwa hapa hapa, Beni, Goma, na watu wa maabara walikuwa Wakongo.

Furaha yetu ina doa, na hatutalificha. Maabara kubwa ya Kinshasa, INRB, ilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Ufaransa. Jengo lake jipya la 2020 lilitoka kwa Japani. Dawa ile ilikuzwa kwa feza ya Wamarekani. Tunawashukuru wote. Lakini rafiki anayetoa feza ana siku ya kutoa na siku ya kusimamisha. Watu wa Goma wanajua. Nyiragongo ilipotema moto mwezi wa Januari 2002, kanisa kuu lenyewe liliteketea. Mlima huo unachunguzwa na wenye elimu wa Goma, siku kwa siku. Mwaka 2020 msaada wa Banque Mondiale ulikwisha, wachunguzi wakakaa miezi bila intaneti ya kupokea habari za vyombo vyao mlimani. Usiku wa 22 Mei 2021 moto ulishuka tena. Hatusemi kwamba feza ingezuia mlima. Twasema tu kwamba mlinzi alifungwa macho.

Wabelgiji wenyewe walifundishwa jambo hili. Mwaka 1927, Mfalme Albert wa Kwanza alisema mbele ya watu kule Seraing kwamba maabara za inchi yake zilikuwa maskini. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mfuko wa taifa wa uchunguzi, FNRS, ambao unaendelea mpaka leo. Kazi yake si ya ajabu. Mchunguzi anaandika anataka kujua nini na kwa vyombo gani. Wenye elimu wengine wanapima andiko lake. Akikubaliwa, anapewa feza kwa miaka kadhaa, na kijana anayejifunza chini yake vilevile, kisha anatoa hesabu. Mtu, chombo na mwanafunzi: ukimnyima mmoja, wawili wengine wanakaa bure. (Tumeona vyombo vizuri ambavyo havijafunguliwa katika sanduku, kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kuviwasha.)

Kijana mmoja wa parokia yetu ni asistenti wa kemia katika universite moja, ambayo hatutaitaja. Ana miaka mingi katika kazi hiyo, na mshahara huchelewa. Mizani yake ya kupimia dawa imeharibika, hakuna anayeitengeneza. Alipoanza, alitaka doktora juu ya maji ya visima vya kwetu, kwa sababu aliona watoto wakiharisha kila masika. Aliandika barua kwa inchi tatu. Moja ilijibu kwa upole: wazo ni jema, lakini feza yao ni kwa ajili ya misitu.

Akaandika upya, juu ya misitu. Sasa anangoja jibu. Visima vyetu bado havijapimwa.