KIOO CHEUSI TII KITAMFICHA RUBANI!

Mpenzi msomaji, mwenzako natengeneza ndege ndogo za mfano. Mwili wa mbao, mabawa ya kopo, rubani wa kijiti, na kioo chake nakikata kwenye chupa ya maji. Nauza hapa Musoma, na siku za mnada napeleka Bunda.

Kasheshe ni rangi ya kioo. Vijana wote wanataka nyeusi tii, kama gari la bosi. "Bro, weka tinti!" Nawaambia jamani, rubani kazi yake ni kutazama nje. Hata Boeing 787 ambayo ATCL ilipokea Julai 2018, madirisha yanayotiwa giza kwa kitufe ni ya abiria, si ya rubani. Zipo F-16 za Marekani zenye kioo cha mng'ao wa dhahabu, lakini ule ni utando mwembamba wa kuihangaisha rada. Rubani unamwona vizuri tu.

Dawa, usicheke, iko jikoni. Osha kioo kwa sabuni, kikauke. Kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya maseremala, maji kidogo, halafu rangi ya chakula: tone moja jekundu, moja la kijani, upate rangi inayokaribia moshi. Mimina upande wa ndani, zungusha, mwaga yote, kisha kisimamishe juu ya karatasi kichuruzike. Funika na bakuli, maana vumbi letu lina kiherehere! Ikizidi, osha na maji, uanze upya. Kubandika, tumia gundi hiyo hiyo. Super gluu itakuachia ukungu mweupe.

Mbona nang'ang'ania? Mwezi uliopita mama mmoja wa Butiama aliagiza ndege ya binti yake wa darasa la tano. Kaka zake wakadai nyeusi. Nikapaka moshi mwepesi. Kabla sijabandika kioo, binti akachungulia: "Kaka, mbona rubani hana sura?"

Nikampa kalamu, achore mwenyewe. Akachora macho, mdomo, kisha nywele za kusuka. Kaka zake wakaangua kicheko: "Rubani gani huyo?" Binti akajibu, "Mimi."

Nikabandika kioo. Anaonekana mpaka mistari ya nywele.

Sasa niambie, ndugu msomaji, ningesikiliza wale kaka, binti huyu angejiona wapi?