Theluji Huku, Masika Kwetu, na Nyumba Isiyo na Bima

Oktoba hapa Minneapolis ni mwezi wa kazi za nyumba. Kabla theluji ya kwanza haijaanguka, fundi anaitwa kukagua hita na kubadilisha chujio, mpira wa bustani unachomolewa kwenye bomba la nje, gata zinazolewa majani, kengele za moshi zinawekewa betri mpya. Haya si mazoea ya watu wenye muda mwingi. Baridi ya Minnesota huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yakiwa ndani ya bomba hayana pa kutanukia, basi bomba linapasuka. Familia iliyokwenda kusalimia ndugu jimbo jingine hurudi ikakuta dari imelala sakafuni.

Ndiyo maana mgeni anayefika huku hufundishwa mapema na wenyeji wake: ukisafiri usizime hita, iache angalau kwenye nyuzi 13 za Selsiasi. Usiku wa baridi kali acha bomba lidondoshe maji kidogo kidogo, na ufungue milango ya kabati lililo chini ya sinki ili joto la chumba liyafikie mabomba ya ukutani. Ukielemewa na bili, kanuni ya jimbo inakulinda usikatiwe huduma ya kupasha nyumba joto kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, mradi uipigie kampuni simu, mkubaliane namna ya kulipa na uyatimize makubaliano hayo. Familia zetu nyingi hazilijui hili, na zinakaa na hofu ya bure.

Lipo jambo moja linaloua huku na kwetu Afrika Mashariki kwa namna ile ile, nalo ni jiko la mkaa ndani ya chumba. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas katikati ya baridi isiyo ya kawaida, watu waliwasha mkaa ndani na wengine waliwasha gari ndani ya gereji ili wapate joto. Wapo waliokufa kwa gesi ya kaboni monoksaidi, wahamiaji kutoka Afrika wakiwemo. Kwetu, msimu wa kipupwe ukifika Makete, Njombe, Mbeya au Lushoto, na kule Limuru nchini Kenya, jiko linaingizwa chumbani usiku, dirisha linafungwa, watoto wanalala. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Mkaa ulioshika moto vizuri, usiotoa moshi hata chembe, huitoa vilevile, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, hivyo mtu hudhani ni uchovu au malaria.

Sheria ya Minnesota inataka kengele ya gesi hiyo iwepo ndani ya mita 3 hivi kutoka kila chumba cha kulala. Kwetu nyumba nyingi hazina kengele hiyo, kwa hiyo kinga iliyobaki ni moja tu: jiko lilale nje. Mama akisema baridi ni kali, mtumie mablanketi. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango yote, mtoe nje kwanza, kisha omba msaada. Kwa Tanzania, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Sasa tuje kwenye mvua. Kwetu msimu unaotisha ni masika, Machi hadi Mei, na nyuma yake vuli. Desemba 2011 maji yaliua makumi ya watu Dar es Salaam, na baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Siku chache baadaye, Mai Mahiu kule Kenya, maji yalishuka usiku na kuondoka na nyumba pamoja na waliolala ndani yake.

Taarifa hazikosekani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, ikieleza kanda kwa kanda wapi mvua itazidi na wapi itapungua. Tunasikiliza, tunatikisa kichwa, tunaendelea na shughuli. Mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki tangu vuli unabaki vilevile, misumari ya bati iliyolegea haigongwi, soketi ya ukutani iliyo karibu na sakafu haipandishwi. Tunakumbuka kuzibua mtaro maji yakiwa yameshafika magotini. Kazi hizi fundi wa mtaani anazimaliza kwa siku mbili, kwa hela ambayo wengi tunaichanga harusini bila kuumia.

Huku, kazi ya mikono ikiisha, inafuata karatasi. Mpangaji anaambiwa wazi kwamba bima ya mwenye nyumba inalinda kuta na paa, si kochi lako wala nguo za watoto. Wenye nyumba wengi hawakupi ufunguo mpaka uoneshe bima ya mpangaji, ambayo mara nyingi ni kati ya dola 10 na 30 kwa mwezi. Ikitokea moto, bima hiyo hukulipia vitu vyako na hata gharama za kulala hotelini nyumba inapotengenezwa.

Lakini msidhani huku kila kitu kimelindwa. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko inanunuliwa peke yake, kwa kiasi kikubwa kupitia mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 1968, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Wapo watu waliolipa bima miaka mingi, maji yakaingia sebuleni, ndipo wakaambiwa hayamo kwenye mkataba. Kwetu pia bima ya moto na majanga mengine inaweza kuwa na mafuriko ndani yake au isiwe nayo. Muulize wakala swali hilo kwanza, na jibu lake ulione kwa maandishi.

Najua hoja ya wazee wetu: sisi tuna watu. Ni kweli, na siidharau. Nyumba ikiungua Tandale, Dar es Salaam, jirani anafika na ndoo kabla gari la zimamoto halijapata njia, na jioni daftari la michango limeshafunguliwa. Huku mtu anaweza kukaa miaka asijue jina la jirani. Ila mchango una nguvu pale balaa linapompata mmoja na wengine wamesalimika. Mafuriko yanaupata mtaa mzima kwa usiku mmoja. Yule ambaye angekuchangia naye yuko juu ya paa na wanawe. Kampuni ya bima haikutani na shida hiyo kwa namna ile, kwa sababu wateja wake wametawanyika nchi nzima, nayo hujikinga kwa kununua bima mtawanyo kwa makampuni mengine, hata ya nje. Kwa anayesita kwa sababu za dini, takaful, yaani bima ya Kiislamu, ipo; Kenya ina kampuni ya takaful tangu 2011, na Tanzania nayo imeshaanza.

Linaloniuma zaidi ni nyumba tunazojenga nyumbani tukiwa huku. Mtu analipia bima gari la mkopo na samani za chumba cha kupanga, lakini nyumba aliyoijenga Kigamboni au Goba kwa miaka ya zamu za usiku haina hata shilingi ya bima. Na anayetaka kuikatia atakutana kwanza na mambo matatu. La kwanza ni umiliki: kama kiwanja kiko kwa jina la kaka yako, kampuni itauliza wewe una maslahi gani kisheria katika nyumba hiyo. Nyoosha hati kabla ya yote. La pili ni nyumba kukaa tupu. Mikataba mingi inapunguza au kuondoa kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa muda fulani, mara nyingi siku 30 au 60, kwa hiyo waeleze ukweli kuhusu nani anaishi humo.

La tatu ndilo linaloliza wengi. Ukiandikisha nyumba kwa thamani ndogo ili ulipe kidogo, fidia nayo inapunguzwa kwa uwiano huo. Nyumba ya kujengwa upya kwa shilingi milioni 100 ukiikatia bima ya milioni 50, kisha paa la milioni 10 likaezuliwa, unaweza kupewa milioni 5, tena kabla ya kukatwa ile sehemu unayobeba mwenyewe. Thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga upya kwa bei za leo, bila kiwanja.

Halafu ipo bima ya maisha. Kila kifo cha mwenzetu huku kinaleta michango ya kusafirisha mwili, na siku zingine wafiwa wanangoja wiki nzima hesabu itimie. Kijana mwenye afya anaipata bima ya muda maalumu kwa malipo madogo kila mwezi. Andika jina la mnufaika, na umwambie kwamba bima ipo na karatasi ziko wapi.

Ndugu uliye nje, hela ya kupaka rangi ukuta inaweza kungoja. Kabla ya Machi tuma ya mtaro, ya bati na ya bima, kisha mwombe aliye nyumbani apige picha za video chumba kwa chumba akutumie uzihifadhi. Madai hulipwa kwa ushahidi.